UZI: Programu zenye leseni halali kwenye kompyuta kongwe za chuo, tuliyoyakuta huku Mtwara

Msimamizi wa Maabara (Mtwara)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninasimamia maabara ya kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mtwara mjini. Tuna kompyuta 22 za mezani, zote zikiwa zimeletwa baada ya kutumika kwingine: kundi moja ni la prosesa za Core 2 Duo, na jingine ni la Core i3 na i5 za kizazi cha 2 na cha 3. Uongozi umeagiza kwamba programu zote zilizochakachuliwa ziondolewe, na kwamba AutoCAD (programu ya michoro ya ufundi), Office pamoja na mfumo endeshi wenyewe viwe na leseni halali. Kuhusu mashine mpya, tumeambiwa tusubiri. Nimeona niyaweke hapa tuliyoyakuta, kwa sababu ninavyofahamu vyuo vingi vya ukanda huu, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, vina mashine za aina hii hii.

Msimamo wangu ninautanguliza ili anayetaka kuupinga aupinge mapema. Uzee wa kompyuta ni tatizo, lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba tunaanza na vipuri na kumalizia na leseni. Mtu ananunua RAM, anaweka SSD (diski ya kasi), anamlipa fundi, halafu ndipo anagundua kwamba leseni aliyonayo haimruhusu kuweka toleo ambalo mashine ile inaliweza, au kwamba namna leseni hiyo inavyothibitishwa haiendani na mtandao alionao. Utaratibu unapaswa kugeuzwa: soma kwanza masharti ya leseni, tambua inakuruhusu matoleo gani, kisha ndipo ufungue kasha la kompyuta.

Nianze na Windows, maana ndiyo msingi wa mengine. Windows 7 ilikoma kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Office 2016 na Office 2019 nazo zilifikia mwisho wake. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama kwenye bodi), uwashaji salama wa UEFI, RAM isiyopungua GB 4 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa kigezo hicho hakuna hata moja kati ya kompyuta zetu inayokubalika rasmi. Najua wapo mafundi wanaoliruka sharti hilo wakati wa kusakinisha, lakini toleo lake la 24H2 linadai pia amri za prosesa ambazo Core 2 Duo haina kabisa, kwa hiyo kwenye mashine hizo hata huo ujanja umefika mwisho.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa vyuo kuna njia ya kuendelea kupata masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa malipo madogo. Microsoft ilitangaza kwamba taasisi za elimu zitalipa dola 1 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, dola 2 kwa mwaka wa pili na dola 4 kwa mwaka wa tatu, wakati bei ya kampuni za kawaida ni dola 61 kwa mwaka wa kwanza peke yake. Masharti yake ni kwamba mashine iwe na Windows 10 toleo la 22H2 na ununuzi upitie mpango wa leseni za pamoja za taasisi. Kwa chuo chenye maabara kama yetu, gharama hiyo kwa miaka yote mitatu ni ndogo kuliko bei ya kompyuta moja mpya, na inatupeleka hadi Oktoba 2028.

Hapo hapo kuna mtego. Leseni ya pamoja ya Windows kwa taasisi ni leseni ya kupandisha daraja. Inataka kompyuta iwe tayari na leseni ya msingi iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Kompyuta za msaada mara nyingi hufika diski zikiwa zimefutwa, na kibandiko cha leseni ubavuni mwa kasha kimebanduka au kimefifia hadi herufi 25 za ufunguo hazisomeki. Kabla ya kuagiza leseni yoyote tulipita kwenye kila mashine na tochi, tukaandika kwenye daftari namba ya kifaa, hali ya kibandiko na aina ya Windows iliyotajwa humo. Kazi ni ya kuchosha, lakini ndiyo inayokuonyesha ni mashine ngapi zina msingi wa kisheria na ni zipi hazina. Zisizo na msingi huo ndizo tulizozihamishia Linux, mfumo endeshi wa bure, nami sioni aibu kulisema hilo.

Ukishapata kibandiko kinachosomeka, angalia pia kama fundi aliyetangulia aliwahi kubadilisha bodi kuu. Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani inafungamana na bodi ile. Bodi ikitolewa na kuwekwa ya kompyuta nyingine, kibandiko kinabaki pambo tu. Ubora wa fundi hauhusiki hapo, ndivyo leseni yenyewe ilivyoandikwa.

Sasa biti 32 na biti 64, yaani namna mbili za prosesa na mfumo endeshi kushughulikia data. Katika kundi letu la Core 2 Duo karibu zote zilikuwa na Windows ya biti 32, na watu walikwisha kukata tamaa kwamba RAM haiwezi kuzidi GB 4. Prosesa zenyewe ni za biti 64. Ukifungua maelezo ya mfumo utaona pameandikwa kwamba prosesa ni ya x64 ilhali mfumo endeshi ni wa biti 32. Ufunguo wa Windows haubagui kati ya hizo mbili. Leseni ile ile inakubali biti 64, ila ni lazima usakinishe upya kuanzia mwanzo kwa sababu hakuna njia ya kupandisha kutoka biti 32 kwenda 64 huku mafaili na programu zikibaki mahali pake. Hifadhi kazi za wanafunzi kwanza.

AutoCAD ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu. Autodesk huwapa wanafunzi na walimu leseni ya bure ya mwaka mmoja inayohuishwa baada ya kuthibitisha kwamba bado wapo chuoni. Tatizo ni toleo. AutoCAD 2019 ndiyo ya mwisho kutoka kwa biti 32. Kuanzia 2020 ni biti 64 tu. Leseni ya leo inakupa toleo la sasa na machache yaliyolitangulia, haikupi toleo lolote la zamani unalolitamani, hivyo wazo la kurudi kwenye toleo jepesi la miaka kumi iliyopita halipo tena kihalali. Matoleo hayo mapya yanataka RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini, na kadi ya picha inayokubali DirectX 11 (mfumo wa Windows wa kuonyesha picha).

Hapo kwenye DirectX ndipo vizazi vya prosesa vinapotofautiana. Tuna kompyuta mbili zinazofanana kwa kila hali, kasha moja, rangi moja, hata mikwaruzo inakaribiana. Moja ina Core i3-2120 na nyingine Core i3-3220. Ya kwanza ni ya kizazi cha 2, na sehemu yake ya picha iliyomo ndani ya prosesa inaishia DirectX 10.1. Ya pili ni ya kizazi cha 3, na yake inakubali DirectX 11. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokuambia. Kwenye ya kwanza utalazimika kuongeza kadi ya picha ya bei nafuu kama GeForce GT 710, ambayo inapatikana pia kwa umbo fupi linaloingia kwenye makasha membamba, au uzime kabisa kichapuzi cha picha kwa amri ya GRAPHICSCONFIG na ukubali kwamba mashine itafaa kwa michoro bapa tu. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayechora plani ya nyumba ya vyumba vitatu, inatosha. Core 2 Duo tumeziondoa kwenye AutoCAD moja kwa moja, zinafanya kazi za kuandika na za hesabu.

Kuhusu vipuri nitasema kwa kifupi, maana humu ndani wapo wanaojua kuliko mimi. SSD ya SATA inafanya kazi hata kwenye bodi za zamani, na ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote tulichobadilisha. RAM inafuata. Prosesa usiiguse.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliokwisha kujaribu leseni za mtandao wa ndani.

---

Fundi wa Masasi

Mleta uzi, umeeleza vizuri, ila naona umeiruka betri ndogo ya mviringo ya kwenye bodi, CR2032. Naomba uiongeze kwenye orodha yako kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu robo ya malalamiko ya leseni ninayoletewa hapa dukani chanzo chake ni hiyo. Kompyuta ikikaa bila umeme, kwa mfano wakati wa likizo, betri iliyochoka inashindwa kutunza saa, na siku chuo kinapofunguliwa mashine inawaka ikidhani ni tarehe 1 Januari 2009. Leseni inapojaribu kuwasiliana na seva ya kampuni, cheti cha usalama cha seva hiyo kinaonekana hakijaanza kutumika bado, mawasiliano yanakataliwa, na mtumiaji anaona ujumbe kwamba uamilishaji (activation) umeshindikana. Mtu anaanza kuulaumu mtandao, anaongeza bando, anapiga simu kwa muuzaji, kumbe tatizo ni betri ambayo haizidi bei ya chakula cha mchana.

La pili ni kutu. Nyinyi wa Mtwara mjini na Lindi mjini mko ufukweni, na chumvi ya hewa inakula miguu ya RAM kwa kasi ambayo sisi wa huku juu hatuioni. Sisi tuna vumbi letu. RAM mpya ikigoma, usikimbilie kusema haiendani na bodi. Itoe, sugua miguu yake kwa kifutio safi cha penseli, pulizia nafasi yake, kisha irudishe. Na madirisha ya maabara yanayotazama bahari yafungwe usiku.

---

Mkufunzi Nachingwea

Ahsante Mkuu kwa uzi. Sisi tuna kompyuta 31 na tuliweka seva ya KMS ya kuamilisha Windows na Office ndani ya chuo, ili kila mashine isilazimike kwenda intaneti. Office imekubali, Windows imegoma. Ujumbe unasema idadi ya kompyuta haijatosha. Idadi inatosha vipi zaidi ya 31?

---

Mtawala wa Mitandao (Dar es Salaam)

Ndugu yangu wa Nachingwea, seva ya KMS ina kiwango cha chini: inataka kuona kompyuta 25 tofauti kabla haijaanza kuamilisha Windows za kawaida, na 5 tu kwa Office. Ndiyo maana Office imetangulia. Swali ni kwa nini haizioni 31 zako, na ninakisia jibu: ulisakinisha mashine moja ukaitengeneza vizuri, kisha ukanakili diski yake kwenye nyingine zote. Mashine zilizonakiliwa bila kusafishwa kwanza zinabeba kitambulisho kimoja, kwa hiyo seva inaziona kama kompyuta moja inayogonga mlango mara nyingi. Nenda kwenye seva, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika slmgr /dlv na utazame hesabu ya sasa. Ukikuta inacheza kwenye namba ndogo, basi ndiyo hiyo. Kwenye kila mashine iliyonakiliwa endesha slmgr /rearm, izime na kuiwasha, kisha slmgr /ato. Siku nyingine, kabla ya kunakili, tumia Sysprep na uchague kipengele cha kuifanya mashine iwe ya jumla.

Mleta uzi, wewe mwenye kompyuta 22, KMS haikufai kwa Windows kwa sababu hufiki 25, labda uhesabu na za ofisi ya mkuu wa chuo na uhasibu zikiwa kwenye mtandao huo huo. Kwako ufunguo wa MAK ni bora. Kila mashine inaamilishwa mara moja, kwa intaneti au kwa simu, na haidaiwi tena kurudi kuripoti, tofauti na KMS ambayo uamilishaji wake unakwisha baada ya siku 180 kama mashine haikuiona seva.

---

Kijana wa Mikindani

Kwa heshima zote walimu wangu, mimi nilisoma kwenye maabara za aina hiyo, na programu zote zilikuwa za kuchakachua, na kazi nikapata. Mbona mnajitesa? Kama fedha hakuna, kwa nini msiweke Linux na programu huria kote mkamaliza habari?

---

Msimamizi wa Maabara (Mtwara)

Kijana wetu, hayo ni maswali mawili, na majibu yake yanatofautiana.

Kuhusu kuchakachua: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina kifungu chake kuhusu haki za ubunifu. Chuo si mtu binafsi anayejificha chumbani kwake. Kina anwani, kina mkaguzi na kina bodi. Lakini hata ukiiweka sheria pembeni, vifaa vya kuchakachua vinakutaka uzime kinga dhidi ya virusi kabla ya kuviendesha. Kwenye maabara ambayo wanafunzi wanachomeka flashi kutoka kila duka la steshenari mjini, kuizima kinga ni kukaribisha maafa. Wakati wa usafi wetu tulikuta mashine ambazo mafaili ya wanafunzi yalikuwa yamegeuzwa kuwa njia za mkato, na kila moja ya mashine hizo ilikuwa na kifaa cha kuchakachulia.

Niongeze na jamaa wanaouza funguo za Windows na Office kwa bei ya kutupa wakisema ni za maisha. Tuliwahi kuletewa hizo na muuzaji mmoja, ambaye simtaji, akiwa na risiti na mhuri. Zilikuwa funguo za MAK zilizotolewa kwa taasisi nyingine kabisa. Ufunguo wa aina hiyo una idadi yake ya uamilishaji, ikiisha imekwisha, na mwenye nao akigundua anaweza kuufungia. Ukiuliza leseni, omba hati yenye jina la chuo chako.

Kuhusu Linux nakubaliana nawe kwa sehemu, na nimeshasema tumeihamishia kwenye mashine kadhaa. LibreOffice inatosha kabisa kufundishia uandishi na majedwali. QGIS kwa ramani ni programu nzuri kweli kweli, na PSPP inamsaidia anayejifunza takwimu kwa mtindo wa SPSS. Kwenye uchoraji ndipo ninapokwama. LibreCAD ni nyepesi na inakwenda vizuri hata kwenye Core 2 Duo, lakini faili la DWG, yaani la mchoro wa AutoCAD, linalotoka kwa mkandarasi mara nyingi halifunguki sawasawa humo, na mwanafunzi anayekwenda mafunzo kwa vitendo atakutana na DWG siku ya kwanza. Siwezi kumpeleka mikono mitupu.

---

Mhasibu wa Chuo (Lindi)

Naomba niingie upande wa fedha, maana uzi huu umejaa mafundi.

Leseni za kulipia kila mwaka zina tarehe ya kuhuishwa, na tarehe hiyo huwa ni siku ile ile uliyolipa mara ya kwanza. Kwenye vyuo vyetu visivyo vya serikali, ada kubwa inaingia baada ya minada ya korosho kuanza kulipa, yaani kuanzia Novemba hivi hadi Januari, kwa sababu wazazi wengi wa Tandahimba, Newala na Ruangwa wanalipa kutokana na zao hilo. Chuo kikinunua leseni mwezi Juni kwa sababu fundi ameomba mwezi Juni, basi kila Juni kitakuwa kinatafuta fedha wakati akaunti imekauka, na leseni itakatika katikati ya muhula. Ninyi mafundi mtakapoleta maombi yenu, ombeni tarehe ya kuanza iwe Januari au Februari. Wauzaji wengi hawana shida na hilo.

Kwa wenzetu wa vyuo vya umma, ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na leseni ya programu ionekane kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka tangu mwanzo. Usiandike tu "programu ya kompyuta". Andika jina, toleo, idadi ya watumiaji, aina ya leseni na muda wake, la sivyo utaletewa kilicho rahisi zaidi kwa mzabuni.

Na bei iko kwa dola. Acheni nafasi ya kupanda na kushuka kwa shilingi.

---

Mtawala wa Mitandao (Dar es Salaam)

Mhasibu amesema kweli, na mimi naongezea jambo linalofanana na hilo upande wa mtandao. Kuna leseni zinazotaka kuonana na seva ya kampuni mara kwa mara. AutoCAD ya mtumiaji mmoja inataka kuingia intaneti angalau mara moja kila siku 30, na programu za Microsoft 365 zinazosakinishwa kwenye kompyuta zina sharti kama hilo. Kwa aliye Dar si tatizo. Ninyi wa Kusini mkumbuke Mei 2024: mwanzoni mwa mwezi mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, nchi nzima ikayumba. Kwa siku kadhaa usingeweza kuletewa kifaa kwa basi wala kuamilisha kitu kwa mtandao. Siku 30 zinaonekana nyingi mpaka likizo ya chuo iangukie humo humo. Msimamizi wa maabara anapaswa kuziwasha mashine zote na kuziingiza mtandaoni siku mbili tatu kabla ya chuo kufunguliwa, asisubiri darasa la kwanza.

Nimeona pia watu wakipendekeza seva moja yenye nguvu na kompyuta kongwe zibaki kuwa skrini na kibodi tu. Kiufundi inawezekana na Core 2 Duo zitafufuka. Lakini kila mtumiaji au kila kifaa kinachoingia kwenye Windows Server kwa njia hiyo kinahitaji leseni yake ya ziada. Bila hiyo mfumo unakupa siku 120 za neema, watu wanashangilia kwamba imekubali, kisha siku ya 121 darasa zima linakataliwa kuingia. Na umeme ukikatika seva ikaanguka, hakuna anayefanya kazi. Kama hamna UPS (betri ya akiba) ya kueleweka, msianze.

---

Fundi wa Masasi

Hilo la siku 120 nimelishuhudia kwa mteja. Walidhani ni virusi.

---

Mkufunzi Nachingwea

Ndugu Mtawala, nimefanya ulivyoelekeza. Hesabu ilikuwa ndogo, haikufika 25. Baada ya rearm kwenye mashine zilizonakiliwa imefika 26 na Windows zimeanza kukubali. Nashukuru sana.

Nina jambo jingine. Idara yetu ina programu ya usanifu yenye leseni ya mtandao wa ndani, inayokaa kwenye kompyuta moja na nyingine zinaazima kutoka hapo. Radi ya mwezi uliopita iliunguza kadi ya mtandao ya ile kompyuta mama. Tumeweka kadi nyingine, mtandao unafanya kazi vizuri, mashine zote zinaonana, lakini leseni inakataa. Muuzaji anasema tununue upya.

---

Msimamizi wa Maabara (Mtwara)

Mwalimu, usinunue upya kabla hujatazama faili la leseni. Lifungue kwa Notepad. Mstari wa juu kabisa unaanza na neno SERVER, unafuatiwa na jina la kompyuta, kisha herufi na tarakimu 12 zilizofuatana bila nafasi, na mwishoni huwa kuna namba kama 27000. Zile 12 ndizo anwani ya MAC, yaani kitambulisho, ya kadi ya mtandao iliyoungua. Leseni ilitolewa kwa kadi ile, na kadi mpya ina anwani yake nyingine. Usijaribu kuzibadilisha kwa mkono ndani ya faili, kwa sababu saini iliyo chini yake itabatilika na leseni nzima itakataliwa.

Fungua dirisha la amri kwenye hiyo kompyuta mama, andika ipconfig /all, nakili anwani ya kadi mpya, kisha mwandikie mtengenezaji wa programu mwenyewe, siyo muuzaji wa kati, ukiambatanisha namba ya leseni, anwani ya zamani, anwani mpya na maelezo ya kwamba kadi iliungua. Kampuni kubwa za programu zina utaratibu wa kutoa faili jipya kwa sababu kama hiyo, maana kadi za mtandao huungua duniani kote. Ukiweza, omba leseni ifungwe kwenye kadi iliyojengewa ndani ya bodi badala ya ile ya kuchomeka, kisha weka kizuia radi kwenye kebo inayotoka nje ya jengo.

Faili jipya likifika, lihifadhi pale pale lilipokuwa la zamani, simamisha huduma ya leseni na uiwashe tena, kwa kuwa bila kufanya hivyo huduma itaendelea kulisoma la zamani lililomo kwenye kumbukumbu. Halafu hakikisha kinga ya mtandao ya Windows (firewall) kwenye kompyuta hiyo inaruhusu mlango (port) 27000 pamoja na ule wa huduma ya muuzaji wa programu. Kadi mpya huchukuliwa na Windows kuwa mtandao mpya wa umma, na milango uliyoifungua zamani kwa mtandao wa faragha haitafanya kazi mpaka uubadilishe mtandao huo uwe wa faragha tena.